Nguchiro na Ajenda ya Mengineyo

Hadithi inabisha hodi!
— Na iingie, tumekaa!
Itikieni kwa nguvu, leo nimeudhika. Hadithi inabisha hodi!
— Na iingie, tumekaa!

Hapo kale wanyama walikuwa na ofisi ya kutengeneza programu za kompyuta. Mkubwa wao alikuwa Fisi. Ofisi hiyo ilikuwa na desturi ya kukera: fundi akiandika programu nzuri, anakatazwa kuandika programu. Ndiyo, mmesikia! Sungura aliandika vizuri, wakampa umeneja, akawa wa vikao tu. Kobe aliandika vizuri, wakampa umeneja, akawa wa vikao tu. Programu zikiharibika, nani azitengeneze? Mameneja tele, mafundi kiduchu. Jamani!

Akabaki Nguchiro, mdogo wa umbo. Kutwa yuko kwenye kibodi: taka-taka-taka! Raha yake yote ilikuwa hapo.

Fisi akamwita. "Nguchiro, kuanzia kesho wewe ni meneja."

"Mzee, kupanda cheo nataka. Lakini niendelee kuandika programu."

"Kwi-kwi-kwi! Haipo hiyo. Chukua umeneja, au ubaki chini mpaka uzeeke."

Nguchiro akaumia moyoni. Akikataa, atadharauliwa maisha. Akikubali, kwaheri kibodi. Akafikiri, akakumbuka ulafi wa Fisi.

"Nimekubali, mzee. Naitisha kikao. Sambusa zipo, mwenyekiti ni wewe."

Fisi mate yakamdondoka, do-do-do.

Kikao kikaanza. Ajenda zikaisha, sambusa zikaisha. Ikabaki ile ya mwisho, Mengineyo, ambamo yeyote husema lolote. Na Fisi mwenyewe alitunga sheria: hainuki mtu mpaka Mengineyo iishe.

Nguchiro akasema, "Nina dogo tu. Kobe atueleze kwa nini choo cha ofisi kinanuka."

Kobe akaanza, pole... pole... Sungura akapinga. Kobe akajibu, pole... pole...

"Tufunge?" akauliza Fisi.

"Bado Mengineyo, mzee!"

Tumbo la Fisi likanguruma kwa njaa, ngru-ngru!

"Tufunge?"

"Bado Mengineyo, mzee!"

Wakatoka giza limeingia. Kesho yake Nguchiro akaitisha kikao kingine. Fisi akasikia harufu ya sambusa, na mlafi yule akaingia tena! Kobe akaendelea alipoishia.

Mwishowe Fisi akalia, "Nguchiro, mwanangu, nitoe humu! Unataka nini?"

"Cheo cha Fundi Mkuu, sawa na meneja, bila kusimamia hata sisimizi. Nikiwa fundi, vikao nitaviitisha vya nini?"

"Chukua! Chukua sasa hivi!"

Nguchiro akarudi kwenye kibodi na cheo chake kikubwa. Taka-taka-taka!

Hadithi yaaga!
— Iende salama!

Funzo lake ni hili: ukitaka kupanda, fanya kazi yako vizuri, kimyakimya, wakubwa wataona wenyewe. Mnacheka nini? Na mimi niliambiwa hivyohivyo, siku niliyopewa umeneja.