Hodi Tatu za Bi Tunu

Hii nimeletewa na jamaa ambaye kwa kawaida hunitumia dawa za kupunguza kitambi. Leo kaniheshimu kidogo, nami naipitisha kwenu.

Hapo zamani za kesho, watu walihamia sayari ya Mirihi. Wakalima mchicha chini ya vioo, wakamtawaza mfalme, maana binadamu hata umpeleke wapi lazima apate wa kumlalamikia.

Mji ulipokuwa bado mchanga, chombo kimoja kiliondoka na watu kwenda nyota ya mbali. Ndani alikuwamo Zamda, dada yake Bi Tunu. Chombo kikaenda, kikanyamaza.

Tangu hapo, kila siku ya mavuno, Bi Tunu alipanda kwenye dishi kubwa la mji, akawasha mitambo na kuita angani: "Hodi, hodi, hodi." Kisha akazima, akashuka. Ndivyo walivyolelewa watu wale. Unabisha mara tatu, usipoitikiwa unaondoka. Kuganda mlangoni kwa watu ni umbea.

Mwaka mmoja Mfalme Shekuwe akaamua dishi libomolewe, chuma chake kijenge mabanda ya mboga. Hakuwa mtu mbaya. Watoto walikuwa wameongezeka na mchicha haukutosha. Akamwita Bi Tunu, akamwambia aende akaage.

"Mama, miaka yote hii hakuna aliyeitika. Unamwita nani?"

"Namwita mtu pekee aliyenisuka bila kuning'oa nywele," alijibu Bi Tunu. "Tangu aondoke, baba, kichwa changu ndicho hiki nakificha kwenye kitambaa."

Mfalme akacheka, ila amri ikabaki palepale.

Bi Tunu akapanda, akaita hodi zake. Mkono ukaenda kwenye swichi, ukasita. Kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho, hakuona tena haja ya kuwa na adabu. Akavuta kigoda, akaketi, mitambo ikiwa wazi.

Mafundi wa kubomoa wakafika na spana zao, wakamsihi ashuke. Akawaambia wangoje kama anavyongoja yeye, na kama wana kahawa wasiwe wachoyo.

Kahawa ikaisha. Wakaanza kukusanya vikombe. Ndipo spika ikakwaruza.

"Hodi, hodi, hodi." Ilikuwa sauti ya kijana wa kike. "Sisi ni wajukuu wa Zamda. Tunawaita kila siku, hodi tatu, kisha tunazima tusiwachoshe. Bibi alifariki akiwa na swali moja tu: nani anamsuka Tunu siku hizi?"

Hakuna fundi aliyegusa spana.

Bi Tunu akainamia kinasa sauti. Alijua sauti husafiri miaka mingi kufika kule, na kwamba itafika yeye akiwa hayupo.

"Karibuni," akasema. "Karibuni, wanangu."

Kisha akavua kitambaa, akawauliza mafundi kama kwao kuna anayejua kusuka.

Dishi halikubomolewa. Chuma kilitolewa kwenye jumba la mfalme, ambalo lilikuwa na vyumba ambavyo hata yeye hakujua kazi yake. Na mitambo haizimwi tena.

Funzo: Ukishapiga hodi, kaa kidogo usikilize. Huenda unayemwita naye yuko nje kama wewe, anasubiri kukaribishwa.