Kikaango cha Bi Mishi na Krimu ya Bwana Thuweni

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Thuweni, mwenye duka la dawa na koti jeupe. Elimu yake yote ya dawa ilikuwa kwenye hilo koti. Uende na chunusi, mba, upele wa mtoto au hata ugomvi na mumeo, alikupa tyubu ileile ya krimu na kukwambia utang'aa.

Mbele ya duka lake alikaa Bi Mishi, mpika vitumbua mwenye ulimi wa wembe. Binti yake aliipaka krimu ile kwa ajili ya chunusi mbili tu. Akang'aa kweli, mwezi mmoja. Kisha uso ukawa mwekundu, ngozi ikawa nyembamba, jua likimgusa analia. Tangu hapo Bi Mishi alikuwa akigeuza vitumbua huku akiwaambia wateja wa dawa, "Ingieni na nyuso zenu, mtatoka na za kuazima!"

Thuweni akaenda kumshtaki kwa Kadhi, mdomo bado una mafuta ya vitumbua vya mshtakiwa, maana kila asubuhi hakosi sita. Dai lake: Bi Mishi aape mbele ya watu kwamba krimu haina madhara, au ahame pale asirudi tena.

Kadhi akauliza, "Krimu yenyewe ina nini ndani?"

"Steroidi, Sheikh."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni... ni ya kutoka nje, Sheikh."

Bi Mishi akainuka. "Nitaapa. Lakini kwanza anitibie mgonjwa wangu." Akaweka mbele yao kitu kilichofunikwa kanga. "Ana weusi usioisha, na magamba."

Thuweni akachomoa tyubu mfukoni mwa koti. "Apake asubuhi na jioni."

"Humfunui?"

"Miaka ishirini niko kaunta, mama. Nifunue nini?"

"Hata umri huulizi?"

"Krimu haichagui umri."

"Na akiacha, ngozi ikawaka?"

"Ujue dawa ilikuwa inafanya kazi. Aongeze!"

"Ehe! Mwizi akishaondoka na vyombo, tumwite arudi?"

Kadhi akakohoa kuficha kicheko. Bi Mishi akaendelea, "Na madhara haina?"

"Hata chembe!"

Bi Mishi akavuta kanga. Chini yake kilikuwa kikaango cha vitumbua, cheusi tii. Baraza zima likaangua kicheko. Bi Mishi mwenyewe hakucheka. Akaitwaa tyubu ya Thuweni, akaifungua, akaikamua kiganjani, akainama kukipaka.

Thuweni akaruka kitini. "We mama, acha! Chuma hicho kimekolea mafuta miaka na miaka! Utakiharibu, vitumbua vitaganda!"

Bi Mishi akamgeukia Kadhi, krimu bado imo kiganjani.

"Sheikh, umemsikia. Chuma kitaharibika. Sasa mimi niape nini juu ya uso wa mwanangu?"