Alama ya Tano

Siku ambayo kiti cha Silvanus kilianza kukaa kitupu ilikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara cha binti yake, Laurensia. Alitoka nyumbani Kibaha alfajiri akiwa buheri wa afya, mabuti ya mvua miguuni, kimia kipya, wavu wa kurusha, begani, akipiga mluzi.

Wapo watu ambao kuuliza kwao ni kama kuvuliwa nguo hadharani. Silvanus alikuwa mmoja wao. Alikuwa karani wa masjala, mtu mwema, mpole kwa watoto, lakini alizaliwa Ukerewe na hakuacha jambo hilo lisahauliwe. Mtu akitaja samaki tu, yeye hudakia, "Mimi ziwa ndilo lililonilea." Ndiyo maana alipoapa kwamba wageni wa kipaimara hawatakula samaki wa barafu, mkewe, Stellamaris, hakushangaa.

Wiki nzima alipanga safari ya kwenda kuvua katika Bwawa la Kitope, huko Msimbu, wilayani Kisarawe, mahali ambapo hakuwahi kufika. Alipakua kwenye simu programu ya ramani za maji, inayoonyesha kina kwa rangi: buluu iliyokoza ni kina kirefu, buluu hafifu ni kifupi. Jioni, vyombo vikishaondolewa mezani, aliweka alama za GPS moja baada ya nyingine. Stellamaris alimsomea namba, naye akazinakili daftarini, simu isije ikamzimikia njiani. Alama ya kwanza ilikuwa pa kushushia mtumbwi. Zilizofuata zilipita kando ya matete. Ya tano ndiyo aliyoipenda kuliko zote: ukanda wa mchanga katikati ya bwawa, kina mita moja tu.

"Hapa natia nanga, nashuka, nasimama maji ya kiuno, narusha kimia," alisema, akikigonga kioo kwa ukucha. "Sato wanapenda mchanga."

"Baba Laurensia, umewauliza watu wa huko?"

"Niwaulize nini?"

"Habari za maji. Si wao ndio wanaoishi nayo?"

Silvanus alicheka hadi machozi yakamtoka. "Mimi mtu wa Ukerewe nikamwulize mkulima wa mihogo namna ya kuingia bwawani? Si bora nimwulize kuku namna ya kuogelea!"

Stellamaris naye akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichokuja kumkaa kooni kama mwiba wa ngogo.

Bernard, mfanyakazi mwenzake Silvanus, alimpeleka kwa pikapu pamoja na mtumbwi mdogo wa plastiki. Alipokuwa akirudi alimpigia Stellamaris simu. "Shemeji, nimemwacha na ufalme wake. Saa nne namfuata. Andaa sufuria kubwa, la sivyo tutapikia kwenye pipa!"

Kwa kuwa simu zao zilikuwa zimeunganishwa, Stellamaris aliweza kuona nukta ya kijani ikitembea majini. Aliiweka simu kando ya ungo, akawa anachambua mchele huku akichungulia. Nukta ilipita alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Saa moja na dakika ishirini ikafika ya tano, ikatulia.

"Baba amesimama!" Laurensia alipiga makofi.

"Amewapata," mama yake akasema.

Saa mbili nukta ilikuwa palepale. Saa mbili na nusu, palepale. Stellamaris aliinyanyua simu ampigie, amwulize tu kama yu salama, kisha akairudisha. Angeonekana mke mwenye wasiwasi wa bure, na mlio ungewafukuza samaki. Akaendelea kuchambua mchele.

Saa nne Bernard alikuta mtumbwi umetulia kwenye nanga yake ya jiwe. Simu ilikuwa ndani, katika mfuko wa plastiki, kavu na imewashwa. Mwenye simu hakuwapo. Vijana wa Msimbu walipiga mbizi hadi adhuhuri ndipo wakamtoa, kamba ya kimia ikiwa bado imemkaza mkononi, mabuti yamejaa maji.

"Alikuwa chini kabisa," Bernard alimwambia Stellamaris alipofika bwawani.

"Chini kabisa ya nini?" Stellamaris aliuliza. Mita moja haina chini kabisa.

Aliyemjibu ni Maua, mwanamke mwenye bustani ya mchicha kando ya bwawa. Kiangazi kilichopita, maji yalipokauka, malori yaliingia hadi katikati kuchota mchanga wa ujenzi. Mvua zikanyesha, zikalifunika shimo. Ukanda ule wa mchanga ukabaki kwenye ramani peke yake.

"Nilimwona, dada," Maua alisema, akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. "Alinisalimia vizuri, mtu wa adabu. Kwetu mgeni akija na chombo huuliza, 'Maji yakoje?' Hata mtoto wa hapahapa akirudi kutoka mjini huuliza. Nikasimama na ndoo yangu, nikangoja. Akatazama simu yake, akapita. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa ofisi, ana vipimo vyake, nisijitie kimbelembele. Neno moja tu, dada. Ningelisema."

Stellamaris alitafuta lawama ya kumtupia akaikosa. Yeye naye alikuwa na neno moja, na simu alikuwa ameishika mkononi.

Mchele aliouchambua kwa ajili ya karamu ulipikwa kesho yake, wakala watu wa msiba.

Sasa ni miezi minane. Laurensia alipata kipaimara na kundi la parokia nyingine, pasipo karamu, akarudi nyumbani akavua gauni na kulala mchana kutwa. Stellamaris huichaji simu ya Silvanus kila jioni, ingawa hakuna anayeipigia. Mara mbili amewaandikia wenye ile programu kuwaambia kwamba pale pana shimo. Hawajajibu. Akifungua ramani, alama ya tano ipo palepale kwenye buluu hafifu, na chini yake bado pameandikwa mita moja. Hakika, kuuliza si ujinga.