Nafasi Kumi Ukutani

Hebu piga picha: darasa moja huko Tukuyu, madirisha yamezibwa kwa magunia, na giza lake linanuka moshi wa kibatari. Mwalimu Tusekile yuko kati ya wanafunzi watatu. Lusajo ana mikono isiyotetemeka. Subilaga, hesabu kwake ni kama kunywa maji. Gwamaka ni mvivu wa kuandika, lakini huona yanayowapita wenzake. Na nafasi ya kwenda mashindano ya sayansi Dodoma ni ya mtu mmoja tu.

Lusajo alifukiza kioo kwa moshi mpaka kikawa cheusi, akabana nyembe mbili pamoja, akakwaruza mara moja. Zikatokea nyufa mbili nyembamba, zimeachana kwa sehemu ya kumi ya milimita. Alipozimulika kwa tochi ya leza, mistari myekundu ikajipanga ukutani, mita mbili mbele. Darasa likaguna.

Subilaga naye akashika chaki. "Zidisha urefu wa wimbi la mwanga kwa umbali wa ukuta, kisha gawanya kwa nafasi kati ya nyufa. Mstari hadi mstari ni milimita kumi na tatu."

Lusajo akapima kwa rula, kutoka mstari wa kwanza hadi wa kumi na moja: milimita mia na thelathini. Akagawanya kwa kumi na moja. "Hata kumi na mbili haifiki! Dada, hesabu yako imelala."

"Kilicholala ni nyembe zako!"

Mwalimu akarudia yote. Kila mmoja alionekana yuko sawa. Kichwa kikamzunguka: au mwanga wenyewe ndio unadanganya?

Hapo Gwamaka akacheka. "Jamani, hamjawahi kujenga uzio? Nguzo kumi na moja, nafasi kumi. Gawanyeni kwa kumi."

Kumi na tatu kamili! Wakashangilia, kisha wakamgeukia mwalimu.

"Bila kioo changu mngepima nini?" akauliza Lusajo.

"Bila kanuni yangu mngejuaje kuna kosa?" akadakia Subilaga.

"Na bila mimi," akasema Gwamaka, "mngekuwa mnagombana mpaka sasa."

Mwalimu akawatoa nje ili afikiri. Akaandika jina, akalifuta. Akaandika la pili, nalo akalifuta. La tatu halikukaa pia.

Je, wewe ungemwandika nani? Sema, ila nakuomba ukumbuke jambo moja: watoto wote watatu wamesimama nyuma ya mlango, wanakusikiliza.