Karatasi ya Semboja

Hapo zamani, na msidhani zamani za majini, ni juzijuzi tu hapa Muheza, walikuwapo marafiki waliocheza mchezo wa mashujaa kila Jumamosi mchana. Mimi ndiye niliyeuendesha. Mimi nilileta joka, wao walileta ubishi.

Kila mchezaji ana shujaa wake, kaandikwa kwenye karatasi. Shujaa akipatwa na sumu au uchawi, hafi papo hapo. Hupewa mrusho wa kujiokoa: dadu ya pande ishirini inarushwa, inajumlishwa na nguvu zake, na jumla ikifika namba niliyoitaja, amepona. Isipofika, karatasi yake naichana.

Semboja alikuwa mwenzetu. Alipokwenda kufanya kazi melini alituachia shujaa wake, Radi, tumchezeshe sote. "Siku Radi akiponea chupuchupu," alisema akicheka, "aliyemwokoa akae na karatasi yangu mpaka nirudi." Mwaka wa pili huu, simu yake haipatikani. Tumebaki na mwandiko wake, na utani alioandika pembeni: Haogopi joka, anaogopa mama mkwe. Tukiusoma tunacheka, kisha tunausoma tena. Tumemkumbuka mno.

Basi Jumamosi moja joka likawatemea sumu mashujaa wawili, Radi na yule wa Riziki, mchumba wa Semboja. Nikataja namba: kumi na tano. Iliniuma, lakini nilishaitaja.

Mwantumu, dada yake Semboja, akamrushia Radi. Nne!

Riziki akasimama. Shujaa wake alikuwa na hirizi moja tu ya kurudia mrusho. "Hirizi yangu mpeni Radi."

"Na wako je?" nikamuuliza.

"Afe."

Akajirushia mwenyewe, akapata mbili. Nikaichana karatasi yake mbele ya macho yake, miaka mitatu ya kucheza.

Mwantumu akamrushia Radi tena. Kumi na moja. Nguvu za Radi ni mbili: kumi na tatu. Zimepungua mbili.

Ndipo Hiza, rafiki wa Semboja tangu darasa la kwanza, akasema, "Mmeisahau ngao yangu." Kweli! Ngao ya shujaa wake humwongezea mbili yeyote aliye ubavuni kwake. Na tangu Semboja aondoke, Hiza hakumsogeza shujaa wake mbali na Radi hata hatua moja. Tulikuwa tukimcheka, tukimwita kupe. Kumi na tano! Radi akapona.

Tukashangilia weee, kisha tukaikumbuka karatasi.

Mwantumu akasema, "Mkono uliorusha ni huu. Mama ananiuliza kila siku habari za mwanawe, sina cha kumwonyesha. Nipeni angalau mwandiko."

Riziki akasema, "Bila hirizi yangu mngemzika kwa ile nne. Mtu wangu simwoni, na sasa hata shujaa sina. Nirudi nyumbani na nini?"

Hiza akasema, "Ninyi mmemwokoa leo. Mimi nimekaa ubavuni kwake Jumamosi zote hizi, bila kujua sumu itakuja lini. Nani mwingine alikaa?"

Wakanigeukia mimi. Nikawaambia nipeni wiki moja, na sasa ni ya tano. Karatasi ninayo, naisoma peke yangu, na naona haya kusema kwa nini nachelewesha hukumu. Wao wameapa hawagusi dadu mpaka niseme.

Haya, ninyi mlionisikiliza, msinitazame tu. Aliyerusha, aliyetoa, au aliyekaa ubavuni: nani kati yao akabidhiwe Semboja?