Mafaili ya Siri ya Mheshimiwa Mstaafu

Hii sikuhadithiwa, nilikuwepo. Mheshimiwa Kalembo alipostaafu ukuu wa mkoa, alibeba nyumbani makasha mia tisa ya mafaili ya siri ya walimu, malori yakapinda. Bosi mpya akamwambia Chaupele, karani wa masjala: "Yasiporudi Ijumaa, kazi huna."

Chaupele akaenda kwa mstaafu, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo Mheshimiwa. Nimefuata mafaili."

"Marahaba. Yana sahihi yangu, kwa hiyo ni yangu. Sheria naijua kuliko jaji."

"Kweli kabisa, mzee. Basi niandikie tu kwamba yako kwako na mwenye mamlaka nayo ni wewe, nipone."

Kalembo akacheka, akaandika, akagonga na muhuri aliostaafu nao.

Kulipokucha, walimu elfu kumi walikuwa getini kwake. Akatoka na taulo.

"Mnataka nini?"

"Kupandishwa daraja, mzee. Miaka sita masjala wanatuambia faili halionekani. Jana tumekuta barua yako imebandikwa mlangoni kwao."

"Njooni kesho."

"Hiyo kesho tumeichoka. Tunasubiri hapa hapa." Wakatandika mikeka juu ya maua yake, wakainjika ugali.

Alhamisi malori yalirudi masjala, Kalembo mwenyewe kasha kichwani, jasho linachuruzika kama bomba limepasuka.

"Chaupele mwanangu, pokea mafaili yenu."

Chaupele hakuinua hata macho. "Anayepokea katoka kidogo, mzee. Njoo kesho."