Kiota Ndani ya Trekta la Mama Qamara

Sogeeni msikie, ila mzibe pua, maana hadithi hii inanuka.

Gwandu alikuwa na pua: maziwa yakichacha jikoni, yeye huyajua akiwa bado barabarani. Restituta, fundi cherehani, alikuwa na vidole vinavyotambua springi iliyolegea kwa kuigusa tu. Mwalimu Bayo, mstaafu, alikuwa na subira ya kungoja maharage yaive bila kufunua chungu hata mara moja.

Mama Qamara, mjane, alikuwa na trekta kuukuu la marehemu mumewe. Jenereta ya trekta hilo ilikuwa inatoa umeme kupita kiasi, na betri mbili zilikwisha kuchemka zikafa. Ya tatu aliiazima kanisani, ilikuwa ya spika. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mweusi wa kule hulimika siku moja tu, kisha hugeuka jiwe. Siku hiyo ingetosha shamba moja. Mama Qamara akatangaza mbele ya watu kwamba atakayeliponya trekta, ndiye atakayelimiwa. Wote watatu hawakuwa na hata debe la mahindi ghalani.

Wengine walinusa betri, harufu ya mayai viza. Gwandu akanusa kitu kingine chini yake: mkojo wa panya. Akafungua kisanduku kidogo kinachozuia umeme usizidi, akachomoa kiota cha pamba na manyoya, na vitoto viwili vilivyokauka. Kiota hicho ndicho kilichobana ulimi wa chuma unaokata umeme, usiachie. Mama Qamara alitema mate mara mbili.

Injini ilipowashwa umeme ukashuka, lakini sasa ukawa haba, kwa kuwa mkojo ulikuwa umeila springi ya ule ulimi ikalegea. Restituta akaikaza kwa koleo, kidogo kidogo, akitazama mshale wa mita mpaka ukafika panapotakiwa.

Kifuniko kiliporudishwa, mshale ukahama. Mwalimu Bayo akawaeleza kuwa chombo kile hupimwa kimefunikwa na kimepata moto, nao walikipima wazi na baridi. Akawakataza kugusa chochote kwa robo saa. Kisha Restituta akarekebisha mara moja tu, wakafunika, na mshale ukatulia.

Hapo ndipo uchafu wenyewe ulipoanza. Kila mmoja alidai shamba ni lake, na matusi yakawa mengi kuliko mate. Mwalimu aling'oa kifuniko akakitupa majanini. Restituta akailegeza springi. Gwandu akakiokota kile kiota, pamoja na vile vitoto, akakisokomeza kisandukuni.

"Basi liponyeni bila pua yangu," alisema.

Mama Qamara aliwatazama akachukizwa. Panya hakumchukiza kiasi hicho. Panya hakuahidi wala hakujigamba. Akazima injini betri isije ikachemka, kisha akachomoa kiota kwa vidole vyake mwenyewe. Akaiwasha injini tena, akaikaza springi kama alivyomwona Restituta akifanya, akatafuta kifuniko majanini, akafunika, akangoja robo saa, akarekebisha mara moja. Mshale ukatulia.

"Mama, ahadi ni deni," Mwalimu Bayo alisema, sasa kwa sauti ya chini.

"Naikumbuka, Mwalimu. Nilisema atakayeliponya."

Akapanda kwenye kiti. Ghala lake nalo lilikuwa tupu, na shamba lake lilikuwa palepale mbele ya trekta. Lakini kila alichokifanya alikuwa amekiona kwao. Jua lilikuwa linapanda na udongo unakauka. Alishika usukani kwa mikono inayonuka mkojo wa panya, na wale watatu wakasimama mbele yake, hakuna anayemtazama mwenzake.

Nami nawaachia ninyi harufu hiyo. Jembe linaingia shamba moja tu leo: la pua, la vidole, la subira, au la Mama Qamara mwenyewe? Wewe uliyekaa hapo, ungemlimia nani?